Mizani Nane za Mshambuliaji wa Kigoma

Lakabu ni utungo mfupi kuliko wote katika Kiswahili, na labda kwa ajili hiyo wahakiki hawakuushughulikia sana. Shairi lina beti, utenzi una mamia ya beti, hata methali ina pande mbili za kupimwa. Lakabu ni neno moja, pengine mawili, linalotupwa hadharani na mtu ambaye jina lake halikumbukwi, likapokewa na umma, likamganda mwenyewe mpaka wajukuu zake. Katika kandanda la Afrika Mashariki lakabu za namna hiyo zinahesabika kwa mamia, na aghalabu yake zimekufa pamoja na magoti ya waliozibeba. Moja iliyokataa kufa ni ile ya Sunday Manara, mshambuliaji wa Yanga na wa Taifa Stars katika miaka ya sabini, mwenye asili ya Kigoma, aliyeitwa Kompyuta.

Na tulitamke jina hilo kama lilivyotamkwa vibarazani: Sande Manara Kompyuta. Sa-nde, Ma-na-ra, Ko-mpyu-ta. Mbili, tatu, tatu: mizani nane. Ni kipande kamili cha shairi la bahari ya kawaida, kimefungwa kwa irabu ya a, na kinamsubiri mtu akiongezee kipande cha pili ili mshororo utimie. Atakayeitenga m ya Kompyuta ikawa mizani peke yake atapata tisa, lakini sivyo sikio la Kiswahili linavyoipima mp katikati ya neno. Ni sawa na nd ya Sande. Aliyemtungia lakabu hiyo hakukaa na karatasi akahesabu. Sikio ndilo lililohesabu. Kaka yake, Kitwana Manara, mshambuliaji naye, aliitwa Popat, na ukiliweka jina lake katika mzani huohuo, Kitwana Manara Popati, linazidi kwa silabi moja. Huenda ni kwa bahati tu kwamba lakabu ya mdogo ndiyo iliyosafiri mbali zaidi. Mwenye kupenda ushairi ana ruhusa ya kutoamini bahati.

Uzuri wa lakabu hii lakini hauko katika mizani peke yake. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mitambo iliyoletwa kwa ajili ya hesabu za Hazina kuleta hasara na vurugu kuliko manufaa. Tangu hapo aliyetaka kuleta kompyuta alilazimika kupata ruhusa ya serikali, na marufuku hiyo ikadumu miaka mingi. Basi hali ilikuwa hivi: mashine yenyewe imefungiwa mlango bandarini, na jina lake linapigiwa kelele viwanjani. Watazamaji walio wengi hawakuwahi kuiona kompyuta kwa macho. Walichokijua ni uvumi tu, kwamba kuna chombo Ulaya kinachofikiri haraka kuliko binadamu na kisichokosea hesabu. Sitiari ya kawaida humtoa mtu kwenye lisilojulikana ikampeleka kwenye linalojulikana: fulani ni simba, fulani ni chui, na msikilizaji anawajua simba na chui angalau kwa hadithi. Sitiari hii ilikwenda kinyume. Umma haukuijua kompyuta, ulimjua Manara, na kwa kumtazama yeye ukapata picha ya mashine. Kwa watu wengi wa kizazi kile kompyuta ya kwanza ilivaa viatu vya njumu.

Baadaye wataalamu wa lugha wakaleta maneno yao, ngamizi kwanza na tarakilishi kisha, na tarakilishi limepata wafuasi wake. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwita Sunday Tarakilishi.

Lakabu za wachezaji wa zama zile zilikuwa za matabaka. Zipo za enzi, kama ile ya Abdallah Kibadeni wa Simba, aliyeitwa King. Zipo za kuazima, kama ile ya Omari Hussein wa Yanga, aliyepewa jina la Keegan kwa kufananishwa na Kevin Keegan wa Uingereza. Lakabu ya kuazima ina udhaifu wake: humtukuza aliyeazimwa kabla ya kumtukuza aliyeazima, na msikilizaji asiyemjua Keegan wa kwanza hapati kitu kwa huyu wa pili. Lakabu ya enzi nayo hailezi namna. Mfalme anaweza kuwa hodari au dhaifu, mfupi au mrefu, na bado ni mfalme. Kompyuta inaeleza namna ya kucheza. Inasema kwamba huyu alipiga hesabu: aliona nafasi kabla haijafunguka, akaupeleka mpira pale ambapo mwenzake atafika, si pale aliposimama. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaomtaja Manara kuwa kiungo na wapo wanaomtaja kuwa mshambuliaji, na kila upande una hoja. Lakabu imewaridhisha wote wawili bila ya kutaja nafasi yake uwanjani.

Haishangazi kwamba mchezaji wa jina kama hili ana mizizi Kigoma. Msomaji wa mwambao anapoitaja Kigoma huiona ni bara la mbali, mwisho wa reli, mahali pa mawese na migebuka. Lakini Ujiji, uliopo kilomita chache tu kusini ya bandari ya Kigoma, ulikuwa mji wa Waswahili kabla ya miji mingi ya bara kuwa miji. Misafara iliyotoka Bagamoyo iliishia hapo ufukweni. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwishatangulia, na Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 alimkuta katika mji wenye Waarabu, Waswahili, Waha, Wajiji na Wamanyema waliovuka kutoka upande wa Kongo. Mji wa namna hiyo hauwezi kuwa na lugha ya Kiswahili bila ya kuwa na mambo yanayokwenda nayo: ngoma za kushindana, maulidi, mashairi ya kujibizana na majina ya utani. Saadani Abdu Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954 na malenga aliyetuachia Mashairi ya Saadani, kitabu kilichochapishwa mwaka 1972, alikuwa mtu wa Ujiji. Anayeshangaa kwamba ukingo wa Ziwa Tanganyika ulitoa malenga wa siasa na mshambuliaji katika karne moja hajaujua mji huo.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kilomita zake zipatazo 1,250 zikageuza upande wa safari. Karne iliyotangulia watu wa pwani walikuwa wakienda Ujiji. Sasa watu wa Ujiji wakaja pwani. Wamanyema walijenga nyumba na msikiti Kariakoo, na Kariakoo ndiko zilikokulia klabu mbili ambazo bila ya kuzitaja hakuna habari ya mpira wa Tanzania: Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, na mtani wake aliyezaliwa mwaka mmoja baadaye, akapita katika majina kadhaa likiwamo la Sunderland, klabu ya Uingereza, mpaka mwaka 1971 alipoitwa Simba kwa ushauri wa Mzee Abeid Amani Karume. Hata jina la timu basi lilikuwa la kuazima kwa muda mrefu, na Unguja ina sehemu yake katika kulirudisha nyumbani.

Ndugu watatu wa ukoo wa Manara walicheza katika uwanja huo wa majina na watani: Kitwana mkubwa, Sunday wa kati, na Kassim mdogo wao. Safari ya Sunday ikikusanywa kutoka vinywani huja na vituo vyake maarufu. Cha kwanza ni Agosti 10, 1974, uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Simba waliongoza kwa bao la Adam Sabu tangu mapema, na wakakaa nalo mpaka dakika za mwisho, Gibson Sembuli alipolirudisha. Katika muda wa nyongeza Manara akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1. Cha pili ni Unguja, Januari 1975, fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, ambayo iliwakutanisha watani walewale mbele ya watu wa kisiwa. Yanga wakashinda 2 kwa 0, na Sembuli na Manara wakawa wafungaji tena. Halafu Yanga ikaingiwa na fitina za ndani zilizozaa klabu ya Pan African mwaka 1976, na katika nusu ya pili ya muongo huo Manara akaondoka nchini: Heracles ya Almelo huko Uholanzi, kisha New York, kisha Austria, na mwisho Al Nasr ya Dubai. Hutajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa Ulaya.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kusimama na kuuliza. Mabao mangapi? Mechi ngapi? Tuna mabao mawili ambayo kila mzee wa Jangwani anaweza kuyasimulia akiwa amefumba macho, na baina yake na baada yake tuna kiza. Miaka ya Uholanzi, ambayo kwa kijana wa Kitanzania wa leo ingeandikwa kila wiki, imebaki kuwa jina la mji tu. Hatuambiwi alikula nini Almelo wala alicheza vipi juu ya uwanja wenye barafu, wala mwalimu wake Mholanzi aliliona jambo gani kwake ambalo mtangazaji wa Dar es Salaam hakuliona. Lakabu imekwenda mpaka Ulaya na kurudi, mwenye lakabu hatukumfuata.

Mfano wa upande wa pili unaweza kusaidia. Katika miaka ileile ambayo watoto wa Kariakoo walikuwa wakiiita timu yao Sunderland, Uingereza ilikuwa na mshambuliaji aliyeitwa Arthur Rowley. Alizaliwa mwaka 1926, akafa mwaka 2002. Alifunga mabao 4 katika mechi 24 za ligi akiwa West Bromwich Albion, 27 katika 56 akiwa Fulham, 251 katika 303 akiwa Leicester City, na 152 katika 236 akiwa Shrewsbury Town. Jumla ni mabao 434 katika mechi 619, na hakuna aliyefikia idadi hiyo katika historia ya ligi ya Uingereza. Katika msimu wa 1956 hadi 1957 peke yake alifunga 44. Tarakimu hizi zinakubaliana zikijumlishwa, na mtu yeyote anaweza kuzijumlisha, kwa sababu kila Jumamosi palikuwa na mtu aliyeziandika.

Lakini huyu Rowley ni nani? Hapo daftari linanyamaza. Timu ya taifa ya wakubwa haikumwita hata mara moja, hali ya kuwa ndugu yake Jack, wa Manchester United, aliichezea na alifunga mawili katika fainali ya kombe la mwaka 1948. Arthur alitumia muda mwingi katika madaraja ya chini, mwili wake ulikuwa mzito, na waungwana wa London hawakumwona kuwa wa kutazamwa. Hata lakabu yake, ya mpiga mizinga, ilikuwa ikitumika pia kwa kaka yake. Nje ya Leicester na Shrewsbury, Mwingereza wa leo akilisikia jina la Rowley huenda akahitaji kuelezwa, na maelezo yenyewe yatakuwa ni 434. Ana idadi bila ya sura. Manara ana sura bila ya idadi.

Ni rahisi kutoka hapa na kusema kwamba Mzungu huhesabu na Mswahili husimulia, na wapo waliokwishasema maneno ya namna hiyo wakayaita falsafa. Si kweli. Hakuna watu wanaohesabu kwa ukali kama washairi wa Kiswahili. Silabi kumi na sita katika mshororo, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, na ole wake atakayezidisha moja: malumbano ya magazetini yamejaa watu walioaibishwa kwa silabi moja tu. Na katika mpira wenyewe hesabu ipo, tena ipo midomoni kwa miongo. Mtoto aliyezaliwa juzi anajua kwamba mwaka 1968 Yanga waliifunga Sunderland 5 kwa 0, na kwamba Julai 19, 1977 Simba walirudisha kwa 6 kwa 0, matatu yakiwa ya Kibadeni. Anajua 5 za Simba mwaka 2012 na 5 za Yanga mwaka 2023. Hesabu hizo hazikuhifadhiwa kwa ajili ya historia. Zimehifadhiwa kwa ajili ya vijembe. Zinadumu kwa kuwa zinauma. Bao la Nyamagana limedumu kwa sababu hiyohiyo, na mabao ambayo Manara aliwafunga wengine, siku za kawaida, mbele ya watu wachache, yamepotea kwa kuwa hakuna mtani wa kuyasemea.

Kwa hiyo kasoro haiko katika ukosefu wa hesabu. Iko katika kuhesabu kwa ajili ya mashindano tu, na hiyo ni kasoro ambayo ushairi wetu unaijua vyema. Kutoka zama za Muyaka, wa Mombasa, mashairi mengi yaliyohifadhika ni yale yaliyokuwa na mpinzani: lililojibu na lililojibiwa. Shairi la mtu aliyekaa peke yake akaliandika kwa utulivu lilikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kufika kwetu. Kandanda limerithi ghala hilohilo pamoja na milango yake na matundu yake.

Jambo la pili lililoamua kipi kibaki ni redio. Tarakimu ni kitu cha jicho, na lakabu ni kitu cha sikio, na taifa zima lilikuwa likiutazama mpira kwa masikio. Kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam sauti ya Ahmed Jongo na ya wenzake ilifika mpaka ukingo wa Ziwa Tanganyika, ambako mwenye redio moja alikuwa na wasikilizaji wa mtaa mzima. Mtangazaji ana sekunde chache za kumwonyesha mchezaji kwa watu wasiomwona. Hana nafasi ya wasifu. Anahitaji neno moja ambalo likitamkwa, msikilizaji wa Ujiji na wa Mkoani na wa Lindi wamwone mtu mmoja. Lakabu ilikuwa ndiyo picha, na mtangazaji hodari alijua wakati wa kuitumia na wakati wa kuiacha, kama malenga anavyojua pa kuweka kituo. Utangazaji huo ulikuwa fasihi simulizi kwa maana yake kamili, na haukuandikwa. Sauti zenyewe zinaondoka: Charles Hilary, mmoja wa waliourithi ufundi huo katika kizazi kilichofuata, alifariki Mei 2025 akiwa msemaji mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na maombolezo yake yalijaa watu walioikumbuka sauti kuliko maneno.

Ni lazima kusema pia kwamba lakabu nzuri mno ina hatari. Huridhisha. Mtu akishasema Kompyuta anahisi amesema yote, na waandishi wa makala za kumbukumbu magazetini wameishi kwa neno hilo miaka mingi: linawekwa kwenye kichwa cha habari, bao la Nyamagana linatajwa, Uholanzi inatajwa, na makala imekwisha. Hiyo si kumbukumbu, ni wimbo wenye kiitikio bila ya ubeti. Mashairi yetu makongwe yameshaumia kwa namna hiyohiyo: mshororo mmoja ukawa maarufu mpaka ukageuka methali, na beti zake nyingine zikaliwa na mchwa. Mwenye kumpenda Manara kwa dhati ni yule atakayekwenda Almelo akafungua daftari za klabu, kwa sababu Waholanzi, kama Waingereza, waliandika. Kisha arudi akae na wazee waliomwona, awaulize juu ya mechi ambazo hakuna aliyewahi kuwauliza. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji uhai wa wanaoulizwa.

Kigoma yenyewe imeendelea kutoa wachezaji na kuwaona wakiondoka. Uwanja wake unaitwa Lake Tanganyika, na Julai 25, 2021 watani wa Kariakoo walikwenda kuchezea huko fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Kwa siku moja safari ilirudi katika upande wake wa zamani, kutoka pwani kwenda ziwani, na mji ukajaa mpaka vyumba vya kulala vikawa shida. Simba walishinda kwa bao 1, la kichwa, la Mganda Taddeo Lwanga, kiungo mkabaji ambaye kufunga haikuwa kazi yake. Bao hilo limeandikwa na dakika yake, limepigwa picha kutoka pembe kadhaa, na litaonekana miaka hamsini ijayo kama lilivyoonekana siku ile. Bao la Nyamagana halina hata picha moja ya kutembea ambayo umma unaijua.

Na mchezaji wa Kigoma aliyevuma zaidi katika karne hii hakuwa mshambuliaji. Ni kipa, Juma Kaseja, aliyeokoa penalti mjini Cairo mwaka 2003 Simba ilipoing'oa Zamalek, iliyokuwa bingwa wa Afrika. Umma ulimpa lakabu ya Tanzania One. Ni jina lenye tarakimu ndani yake, na nusu yake ni Kiingereza.